UZI: Eti ukipenda nyeusi una siri moyoni? Mimi nauza rangi hapa Mwanza, njooni niwaambie ninachokiona

Wakuu mwangaluka, na kwa wasio wa kanda hii habari za asubuhi.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Mdogo wangu wa kike kamaliza chuo, hivi karibuni akaitwa intavyuu kwenye ofisi moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Maswali kayajibu vizuri, mwishoni kabisa jamaa mmoja wa kwenye paneli akamuuliza unapenda rangi gani. Binti wa watu akasema nyeusi. Yule jamaa akaandika kitu kwenye karatasi, kazi akakosa, na baadaye mtu wa humohumo ndani akamnong'oneza kwamba ile nyeusi ndo ilimponza, wamemuona mtu wa kujificha, ana mambo yake moyoni. Sasa mimi ukweli naujua maana tumekua nyumba moja. Huyu alisoma bweni, maji ya kufulia yalikuwa ya kugombania, akajifunza kwamba nguo nyeusi ya kushindia unaivaa siku tatu na hakuna anayejua. Siri yote ya moyoni ndo hiyo, maji hayakuwepo.

Tangu siku hiyo nikiona zile meseji za WhatsApp za "rangi uipendayo inasema nini kuhusu wewe" nachemka kabisa. Nyekundu mtu wa mapenzi na hasira, bluu mtulivu, njano mwenye wivu, zambarau ana asili ya kifalme. Zinatumwa na watu wazima, kuna moja nimeletewa na mjumbe wa mtaa.

Mimi nina duka la rangi upande wa barabara ya Igoma, mwaka wa tisa huu. Rangi ya maji, rangi ya mafuta, putty, brashi, rola, tina, na kamashine ka kuchanganyia. Nadhani hapa jukwaani ni wachache wanaokaa kuangalia watu wakichagua rangi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, tena wakiitolea hela, maana kuchagua rangi kwa mdomo na kuichagua kwa hela ya ndoo ya lita 20 ni vitu viwili tofauti.

Nianze na damu ya mzee. Hii ndo rangi ninayoiuza kupita maelezo, ile nyekundu iliyoiva mpaka inaelekea weusi. Ukienda na zile meseji basi nusu ya wakazi wa Nyamagana wana hasira. Mtu anakuja anasema nataka damu ya mzee galoni mbili, simuulizi hata ya wapi, najua ni ya chini ya ukuta kuanzia msingi mpaka usawa wa goti. Mji wetu ni vilima na mawe, mvua ikinyesha maji yanashuka kutoka juu na tope lake, yanapiga ukuta yanarukia, ukipaka krimu mpaka chini baada ya msimu mmoja nyumba inaonekana imevaa soksi chafu. Tope na damu ya mzee vinaelewana. Hapo unasoma saikolojia gani zaidi ya kwamba mtu ana akili na anaishi kwenye mteremko?

Au wenye nyumba za kupangisha, vyumba kumi vyote krimu. Wapangaji huwa wanasema baba mwenye nyumba hana ladha. Hapana, ana hesabu. Krimu natengeneza kwa matone machache tu kwenye rangi nyeupe, ila ukitaka bluu iliyokolea au nyekundu naanza na besi (ile rangi ya kuanzia kuchanganyia) nyingine kabisa na rangi inaingia nyingi, bei inapanda. Mpangaji akihama unagusia krimu ileile kwa rola nusu siku, mwingine anaingia.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi kwamba rangi anayoichagua mtu haisemi kitu. Inasema sana. Ila inasema alikopita, haisemi yeye ni mtu wa namna gani. Hapo ndo nataka tubishane.

Kuna mayu mmoja (mama, kwa Kisukuma) alikuja na kifuniko cha chupa ya chai. Kifuniko peke yake, cha plastiki, kijani iliyopauka hivi kama majani ya mpera yaliyokaa juani, ukingo umeliwa. Akakiweka kaunta akasema mwanangu nataka jiko langu liwe hivi. Nikampa katalogi, akaisukuma, hivi. Nikachanganya ya kwanza, nikapaka kwenye kipande cha boksi, tukatoka nacho mlangoni kwenye jua (chini ya taa ya dukani rangi inadanganya, na ikiwa mbichi inadanganya pia, lazima usubiri ikauke), akatingisha kichwa. Ya pili imezidi ujani. Ya tatu ina bluu kwa mbali. Tumekaa karibu saa nzima wateja wengine wananilaani, ya nne ndo akaiweka juu ya kifuniko akanyamaza. Nikamuuliza mayu hii rangi ina nini. Akasema hiyo chupa aliinunua kwa hela yake ya kwanza ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, alipoanza biashara baada ya kufiwa na mume, chupa imeshapasuka siku nyingi kabakiwa na kifuniko. Meseji za WhatsApp zingemwambia kijani ni mtu wa amani na anapenda mazingira. Mayu wa watu mwenyewe anapikia mkaa.

Sasa niliposoma soma nikakuta kumbe wapo wasomi waliosema kitu kinachofanana na cha mayu. Stephen Palmer na Karen Schloss, chuo kikuu cha California pale Berkeley, mwaka 2010. Walichofanya ni rahisi kukieleza: kundi moja wakalionyesha rangi 32 waseme wanazipenda kiasi gani, kundi lingine likataja vitu vyenye rangi hizo, kundi la tatu likasema vile vitu vinapendeza au vinachukiza. Wakija kulinganisha, rangi zenye vitu vizuri ndo zinapendwa na zenye vitu vibaya ndo zinachukiwa, na hiyo peke yake ikaeleza karibu asilimia 80 ya tofauti za upendeleo kati ya rangi na rangi. Bluu ilipendwa kwa sababu ya mbingu safi na maji safi. Ile njano iliyochafuka kuelekea kahawia ikachukiwa, na sihitaji kuwatajia inafanana na nini.

Kilichonifurahisha ni kwamba Kiswahili kilishalijua hili bila maabara. Hebu angalieni, rangi zinazobadilika kufuata ngeli ni tatu tu, shati jeupe, ukuta mweusi, mlango mwekundu. Ukitoka hapo rangi nyingi zinaazima kitu. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijani ni jani, kijivu ni jivu, chungwa ni chungwa. Mtaani ndo usiseme, damu ya mzee, ugoro, bluu bahari, na kwa watu maji ya kunde. Yaani ukitaja rangi mara nyingi umeshataja kitu, na kitu kina historia na wewe. (Hizo tatu wala sio ajabu yetu peke yetu, Brent Berlin na Paul Kay waliandika mwaka 1969 kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa ni hayohayo, nyeupe, nyeusi na nyekundu.)

Hiyo ya ugoro nina mteja wake. Rangi ambayo dunia nzima wanaikimbia, mzee mmoja wa Buhongwa aliniagiza geti lote lipakwe ugoro, na kiboksi chake cha ugoro kikiwa mfukoni mwa shati. Anaipenda kwa moyo wote, ataachaje?

Ngoja nihudumie mteja narudi.

———

Nimerudi. Naona mmeshachangamka. Nawajibu kadri nilivyowaona.

Mdau wa Ukerewe ameandika kitu kizito nakinukuu hapa: "Kaka yangu ana mitumbwi ya dagaa. Alipata rangi ya zambarau kwa bei ya kutupwa akapaka mtumbwi mpya wote, unang'aa. Wavuvi wakagoma. Sio ushirikina, walisema tu hawataki kuingia ziwani wakiwa ndani ya ua la magugu maji. Tajiri akabembeleza wiki nzima mwisho akapaka bluu na mstari mweupe juu yake."

Mkuu umenimalizia uzi. Kwa wasiojua, magugu maji yanatoa ua zuri sana la zambarau, ukiliona kwenye picha utalipeleka kwenye harusi. Lakini muulize mtu ambaye pangaboi ya injini imejaa mizizi saa tisa usiku na taa za mtumbwi zinafifia, au mwenye nyavu zilizobebwa na lile zulia likihama na upepo. Na hapohapo dukani kwangu mabibi harusi wanaleta sampuli za zambarau kwa ajili ya kupaka stendi za ukumbini, wanaibusu kabisa. Rangi ni ileile, ziwa ni lilelile. Mmoja anaona ua, mwingine anaona injini imezima.

Kuna mdau kauliza mbona bluu inapendwa dunia nzima, hiyo si ndo saikolojia ya asili? Inapendwa sehemu nyingi kweli. Ila mwaka 2013 kuna watafiti walilinganisha Wahimba wa Namibia na Waingereza, na ule upendeleo wa bluu waliouzoea kwa Waingereza hawakuukuta kwa Wahimba. Kwa hiyo "dunia nzima" mara nyingi maana yake ni wanafunzi wa vyuo vya huko. Mimi mwenyewe bluu ile nzito siipendi hata kidogo, na nimewahi kujiuliza kwa nini, jibu likaja nilipomwona mtoto wa jirani kavaa shati jeupe na kaptula ya bluu anakimbia na fagio la chelewa. Nilichapwa sana ndani ya ile kaptula, nisamehewe.

Simba na Yanga nilijua tu mtafika huko. Ndiyo, ninaye mteja wa Simba anayekataa kijani hata kwenye bomba la maji, na aliponunua kijani mara moja nikashtuka, kumbe ni ya choo cha nje, na ya njano kidogo ya mlango wake. Mnacheka lakini Schloss na Palmer walilipima hata hili, wanafunzi wa Berkeley na wa Stanford, vyuo viwili watani wa jadi, kila upande ulipenda zaidi rangi za chuo chake kuliko za watani, na mwenye mapenzi makubwa na chuo ndo aliyezidisha. Hakuna aliyezaliwa na haiba ya kijani na njano jamani, ni baba kakupeleka uwanja wa Kirumba ukiwa na miaka sita.

Mdau mwingine kanirushia Lüscher, tena kwa ukali kidogo, kwamba mimi muuza rangi nabishana na mwanasaikolojia wa Uswisi. Max Lüscher namjua mkuu. Alileta kipimo chake mwaka 1947, toleo lake fupi lina kadi nane, unazipanga kuanzia unayoipenda zaidi mpaka usiyoitaka, halafu unasomewa hali yako ya ndani. Kuna ofisi za Ulaya zilikitumia hata kwenye kuajiri, nadhani yule jamaa wa paneli ana babu yake kule. Shida ni kwamba waliokuja kulinganisha majibu yake na vipimo vingine vya haiba hawakukuta vinasema kitu kimoja. Na watu waliopimwa walikuwa wanasema "aisee huyu ndo mimi kabisa", ambacho ndo kinawafanya wengi wenu mbishe, maana mmesoma ile meseji ikawapata.

Hapo niwape kisa. Tulikuwa na grupu la kamati ya harusi ya binamu yangu, watu wanabishana rangi ya sherehe, nikawaambia nitumieni inbox kila mtu rangi anayoipenda nimsome. Wakatuma saba. Nikawajibu wote saba maneno yaleyale, nimekopi nikapesti: wewe unapenda watu lakini kuna wakati unataka ukae peke yako, nje unaonekana mgumu ndani una huruma, kuna uwezo ndani yako hujautumia bado, kuna jambo hujawahi kumwambia mtu. Wa bluu akasema umejuaje. Wa nyekundu akasema Mungu amekupa kipaji. Shemeji yangu wa pichi akanipigia simu kabisa kuuliza ni nani kaniambia. Nilipowafunulia mmoja tu ndo alicheka, wengine mpaka leo tunasalimiana kwa mbali na mchango wa harusi niliongezewa.

Sio ujanja wangu, Bertram Forer aliufanya Marekani mwaka 1948 kwa wanafunzi wake 39. Akawapa karatasi ya "haiba yako" kila mmoja, wote maandishi yaleyale aliyoyatoa kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani, wakaipa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi.

———

Jioni hii, nimefunga duka, naendelea na wawili watatu.

Dada aliyeuliza kuhusu msongo wa mawazo, umeuliza vizuri kuliko wote na nimelifikiria tangu mchana. Unasema wakati umeumwa moyo ulivaa kijivu tu miezi. Kuna utafiti wa Manchester, Uingereza, wa mwaka 2010, walitengeneza gurudumu la rangi wakawauliza wazima, wenye wasiwasi na wenye sonona maswali matatu tofauti: rangi unayoipenda, rangi inayokuvuta, na rangi ya hali yako. Kwenye hali, wagonjwa wengi wakaenda kwenye kijivu na wazima wakaenda kwenye njano. Lakini kwenye rangi unayoipenda makundi yote yaliongozwa na bluu. Kwa hiyo ukimuuliza mtu "leo ndani yako kuna rangi gani" unaweza kupata kitu cha kweli, akakwambia kijivu ukakaa naye mkaongea. Ukimuuliza "unapenda rangi gani" utapata chupa ya chai. Yule jamaa wa paneli aliuliza lile la "unapenda" akaandika jibu la lile la "ndani yako". Na dada, pole, natumaini sasa uko sawa.

Aliyesema rangi ina nguvu juu ya mwili, mfano jela za pinki. Hii nayo ina historia yake, mwaka 1979 kule Seattle, Marekani, kwenye mahabusu ya jeshi la majini walipaka chumba pinki wakasema wafungwa wanatulia, rangi ikapewa majina ya wakuu wawili wa pale, Baker-Miller. Jela kibao zikaiga. Mwaka 2015 wakaja kuipima vizuri kwenye jela moja ya Uswisi, vyumba vya pinki na vyumba vya kawaida, tofauti ya ukorofi hawakuiona. Ndugu zangu wa nyumba za kulala wageni mnaokuja kuagiza pinki ya "kutuliza wateja", nawauzia, hela ni hela, ila muelewe.

Ile hoja kwamba nyekundu inaleta ushindi kwenye michezo ilinichanganya zaidi kwa sababu iliandikwa na watu makini. Russell Hill na Robert Barton wa chuo kikuu cha Durham, Uingereza, waliangalia Olimpiki ya Athens 2004, ndondi, taekwondo na aina mbili za mieleka, ambako nyekundu na bluu zinagawiwa kwa bahati. Waliovaa nyekundu walishinda karibu asilimia 55, hasa pale wapinzani walipolingana nguvu. Ukisoma hapo unaacha kazi unakwenda kushona bukta nyekundu. Baadaye yakachukuliwa mashindano mengi, miaka ya 1996 mpaka 2020, hesabu ikarudi karibu nusu kwa nusu. Basi, ndo hivyo.

Mdau wa mwisho kaniuliza swali la mtego, "wewe mwenyewe nyumba yako umepaka rangi gani?" Hahaha. Sebule ni mabaki ya oda ya mteja wa Nyegezi aliyelipa advansi akapotea, chungwa iliyopauka, sikuichagua. Chumbani mama watoto kachagua, mimi nilishika ngazi. Nje krimu, chini damu ya mzee. Nisomeeni haiba hapo.

Na mdogo wangu, kwa waliouliza, ameitwa intavyuu nyingine sehemu nyingine, kesho saa tatu. Nilimwambia avae ile blauzi nyeupe, yeye mwenyewe akakubali, akaiandaa kabisa. Nimefika nyumbani sasa hivi nimekuta maji hayatoki tangu asubuhi, blauzi iko kwenye beseni na sabuni yake, na gauni jeusi linapigwa pasi.